Mont Ventoux kwa baiskeli: namna ya kufika juu ukianzia Bédoin

Tangu niweke zile picha za kileleni watu wananiuliza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, mwenye kuhitaji asome taratibu. Mont Ventoux, wenyewe wanatamka "Vontu", ni mlima uliosimama peke yake kusini mwa Ufaransa, huko Provence, urefu wake kama mita 1,910 hivi. Kwa sisi tuliokulia Moshi namba hiyo inasikika ndogo, maana geti la Marangu peke yake linakaribia hapo, ila Bédoin, kijiji cha chini unapoanzia, iko mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, yaani unapanda mita 1,600 kwa miguu yako mwenyewe ndani ya kilomita 21, na kuna kipande cha kilomita tisa na zaidi ambacho hakikupi hata mita hamsini za kupumua.

Wakenya wengi wanaujua huu mlima kwa ajili ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, yule aliyeanzia baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu. Tarehe 14 Julai 2013 alishinda hapo kileleni kwenye Tour de France. Miaka mitatu baadaye, tarehe hiyohiyo, dunia nzima ikamuona anakimbia kwa miguu katikati ya barabara baada ya kugongana na pikipiki na baiskeli yake kuharibika, na siku ile mwisho wa mbio ulikuwa umeshushwa mpaka Chalet Reynard, mgahawa ulioko kilomita sita kabla ya kilele, kwa sababu kule juu upepo ulikuwa haufai kabisa.

Nimeupanda mara nne sasa na mara ya tano (ambayo ndo ilikuwa ya kwanza) nilishindwa. Nilitoka Bédoin na kundi la watu nisiowajua, nikaona wanaenda vizuri nami nikaenda nao, mizabibu huku na huku, jua zuri, miguu myepesi, nikasema kumbe mlima wenyewe ndo huu. Kilomita ya 11 nilikuwa nimekaa pembeni ya barabara msituni, mapaja yamekaza, mikono inatetemeka, nikageuza baiskeli nikashuka. Iliniuma kwa muda mrefu. Nilichojifunza ndo msingi wa mwongozo huu wote: Ventoux unaupoteza kwenye zile kilomita sita za mwanzo, kabla hata mlima wenyewe haujaanza.

1. Amua unapandia upande gani

Barabara za lami ziko tatu. Ya Bédoin ni barabara namba D974, kilomita 21, wastani wa mwinuko asilimia 7.5, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita saba na nusu. Ya Malaucène ni ileile D974 kwa upande wa pili wa mlima, urefu na mwinuko karibu sawa, ila yenyewe inakuja kwa vipande, mahali inalainika ukapumua, afu ghafla inasimama zaidi ya asilimia 10. Ya tatu inatokea Sault, kilomita 26, wastani kama asilimia 4.5, maana Sault yenyewe iko juu tayari, zaidi ya mita 700. Hii inaungana na ya Bédoin pale Chalet Reynard, halafu kilomita sita za mwisho ni zilezile kwa wote.

Kama hujawahi kupanda mlima wowote wa zaidi ya saa moja, pandia Sault, wala usione aibu, kilele ni kilekile. Kama umefanya mazoezi na unataka kuupata mlima wenyewe kama wanavyoupata mabingwa, basi Bédoin. Kuanzia hapa naongelea Bédoin.

2. Lini, na habari ya upepo

Barabara ya juu hufungwa kwa theluji, kwa kawaida kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, na kuna miaka inasogea mpaka Mei. Miezi ninayoipenda mimi ni Juni na Septemba. Julai maua ya lavenda yako kwenye mashamba ya Sault na ni kitu kizuri sana kukiona, ila jua la Julai na Agosti halina utani, ukienda miezi hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe ushakaa kwenye siti.

Sasa upepo. Kule kuna upepo unaitwa mistral, unatoka kaskazini unashuka na bonde la mto Rhône mpaka baharini. Mtu wa pwani angeuita kaskazi, ila kaskazi yetu huja na joto na majahazi, huu unakuja na baridi inayopita kwenye nguo. Ukiwa Bédoin unaweza usiusikie kabisa, majani yametulia, watu wanakunywa kahawa nje, na huko juu saa hiyohiyo mtu hawezi kusimama na baiskeli yake. Kwa hiyo jioni kabla ya kupanda angalia utabiri wa kileleni, siyo utabiri wa kijijini. Angalia namba mbili, kasi ya upepo wa kawaida na kasi ya yale mapigo ya ghafla. Mimi mapigo yakizidi kilomita 60 kwa saa siendi juu ya Chalet Reynard, nageuzia pale au naahirisha siku. Weka siku tatu kule hata kama unataka kupanda siku moja tu, usije ukalazimika kwenda na siku mbaya kwa sababu treni yako ni kesho.

3. Baiskeli na gia

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapokosea wakijiona wana nguvu.

Unataka gia ndogo ya mbele yenye meno 34, na gia kubwa kabisa ya nyuma yenye meno 32 au 34. Ukikodisha baiskeli kule (maduka yako Bédoin kwenyewe na Malaucène, agiza mapema kwa mtandao) usiulize kama ni kaboni, uliza meno ya nyuma ni mangapi. Sababu ni hii: mtu wa kawaida mwenye kilo 75 kule msituni ataenda kama kilomita 8 kwa saa, na hiyo tayari inamtaka nguvu ya karibu wati 180 mfululizo. Kwa 34 mbele na 34 nyuma, mwendo huo miguu inazunguka mara 63 hivi kwa dakika, ni pole lakini inavumilika. Kwa 34 na 28 inazunguka mara 52, na hapo hupandi kwa mapafu tena unapanda kwa magoti, kila mkanyago ni kama kupanda ngazi na gunia mgongoni. Saa moja na dakika kumi za hivyo na magoti yatakudai wiki nzima.

Tairi za milimita 28 zinatosha, usizijaze upepo mpaka ziwe mawe. Beba tyubu mbili, viraka, pampu ndogo, na vile vyuma vya kutolea tairi. Kagua breki, na hapa kama unapeleka baiskeli yako weka pedi mpya, kushuka kule ni kilomita 21 mfululizo na pedi iliyoisha nusu hutaipenda.

Afu kitu kidogo lakini cha hatari: muulize mwenye duka mkono upi unashika breki ya mbele. Ufaransa kwa kawaida ya mbele iko mkono wa kushoto, na wengi wetu tumezoea baiskeli za mpangilio wa Kiingereza ambazo ya mbele iko kulia. Ukija kushtuka kwenye kona ukabana kwa nguvu mkono ambao unadhani ni wa nyuma, unaruka juu ya usukani.

4. Mazoezi ukiwa nyumbani

Wiki 10 mpaka 12 zinatosha kwa mtu anayeendesha tayari mara mbili tatu kwa wiki. Unachotafuta ni uwezo wa kukanyaga mfululizo masaa mawili kwa nguvu ileile bila kuacha. Ukiwa Tanzania, barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni zawadi, kilomita 30 na kidogo za kona na mwinuko wa karibu mita 1,000, ukiimaliza bila kushuka Sault utaiweza kabisa na Bédoin utakuwa umebakiza hatua moja. Ukiwa Kenya, panda kutoka bonde la Kerio kwenda Iten, hiyo ni ngumu kweli na hewa ya juu ni nyepesi kuliko hata ya Ventoux, mtu anayepanda Iten vizuri aende Ufaransa bila wasiwasi. Msiende kujifunzia Kitonga jamani, yale malori hayana nafasi kwa baiskeli.

Walioko Dar, Mombasa, Zanzibar ambako hamna milima, tumieni upepo. Tafuta barabara ndefu alfajiri upepo ukiwa usoni, weka gia nzito kidogo, kaa dakika 20 bila kuachia, pumzika dakika 5, rudia mara tatu. Upepo wa usoni na mlima ni ndugu, vyote havikuruhusu kuacha kukanyaga. Mara moja kwa wiki fanya hivyo, mara moja endesha masaa matatu au manne taratibu, inatosha.

5. Kufika kule

Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na bima ya safari inayofunika angalau euro 30,000 ni lazima, ila hakikisha bima yako inataja kuendesha baiskeli. Omba mapema, wakati wa kiangazi foleni ya miadi huwa ndefu. Kutoka Paris kuna treni ya kasi mpaka Avignon, masaa mawili na dakika arobaini hivi, halafu treni ndogo mpaka Carpentras. Kwenye treni ya kasi baiskeli inaingia ikiwa imefunguliwa magurudumu na kuwekwa kwenye begi lake, kwenye zile ndogo unapanda nayo hivihivi. Carpentras mpaka Bédoin ni kama kilomita 15, unaweza kuziendesha na ndo salamu yako ya kwanza kwa mlima, utauona umekaa mbele yako na kichwa cheupe kama una theluji, hata Agosti. Siyo theluji, ni mawe ya chokaa. Zamani misitu yake ilikatwa kwa karne nyingi mpaka ukabaki mtupu, miti unayoiona leo chini ya kile cheupe mingi ilianza kupandwa upya miaka ya 1860, na mierezi iliyoko pale ilitokana na mbegu zilizotoka milima ya Atlas huko Algeria. Mimi hiyo habari ya mierezi ilinifurahisha sana, kila nikipita kwenye kivuli nakumbuka kwamba kivuli hicho kina asili ya Afrika.

Barabarani: kule wanapita kulia. Unajua hilo, najua unajua, lakini kichwa kikichoka kinarudi nyumbani, hasa asubuhi ukitoka hotelini na barabara haina gari hata moja. Kwenye keepilefti angalia kushoto. Vijijini anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita kwanza pasipokuwa na alama nyingine. Vipokea sauti masikioni ni marufuku kisheria kwa mwendesha baiskeli. Namba ya dharura ni 112.

6. Chakula na maji

Usiku uliotangulia kula wanga wa kutosha, wali, tambi, viazi, vyovyote, bila mafuta mengi. Asubuhi kula masaa mawili kabla. Ukiwa juu ya baiskeli lengo ni gramu 60 za wanga kila saa, tende kubwa tatu au ndizi mbili inakaribia hapo. Tende madukani kule ziko tele. Mimi hubeba na kashata za karanga alizonitumia dada, nazikata vipande vidogo naweka mfuko wa mgongoni, ila hizo nakula mapema kule chini, maana karanga inachukua muda tumboni na mwinuko ukishakuwa mkali tumbo halitaki kazi. Anza kula dakika ya 20, hata kama huna njaa. Mimi siku niliyoshindwa sikuwa nimekula kitu mpaka naingia msituni, na msituni mdomo haufungui, unahema tu.

Maji chupa mbili kubwa, moja weka chumvi kidogo na sukari au ile poda ya wanamichezo. Jaza Bédoin mpaka juu, kwa sababu usitegemee maji tena mpaka Chalet Reynard, kilomita ya 15. Ukumbuke Tom Simpson, Mwingereza, alifia kwenye mlima huu tarehe 13 Julai 1967 akiwa kwenye Tour de France. Amfetamini zilikutwa mwilini mwake, lakini joto na kukaukiwa maji navyo vilichangia. Joto la pale msituni ni la kweli, miti inazuia upepo na lami inarudisha moto usoni, wewe unaenda mwendo wa mtu anayekimbia taratibu kwa hiyo hamna hewa ya kukupoza. Fungua zipu, vua hata kofia ya kitambaa ya ndani, kunywa kidogokidogo kila dakika kumi.

7. Siku yenyewe

Kilomita 0 mpaka 6, Bédoin mpaka kona ya Saint-Estève. Mashamba ya mizabibu, vijumba, mwinuko asilimia 3 mpaka 6. Hapa uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kama huwezi, punguza. Watu watakupita, wengi, waache wapite, utawakuta wengine mbele wamesimama na mikono kiunoni. Moshi tulikuwa tunasikia waongoza watalii wanasema "polepole" kutwa nzima mpaka neno likawa kama nyimbo, na sikuwahi kulielewa mpaka nilipokuja kulihitaji mwenyewe ugenini. Kama una kifaa cha mapigo ya moyo, kaa mapigo 20 chini ya yale ya mazoezi yako makali. Dakika 23, 25, zinatosha kabisa kwa kipande hiki.

Pale Saint-Estève barabara inakata kona kali kushoto na papo hapo inasimama. Kabla ya kona, ukiwa bado unakanyaga kilaini, ingiza gia nyepesi kabisa. Usingoje uingie kwenye mwinuko ndo uanze kubadilisha, cheni ikiwa imebanwa inaweza kuruka au kuchomoka, na kuanza tena kwenye asilimia 9 ni shida.

Kutoka hapo mpaka Chalet Reynard ni kilomita tisa na nusu hivi za msitu, wastani karibu asilimia 9, vipande vingine 10 na zaidi. Huoni kilele, huoni bonde, unaona lami na miti na kona inayofuata ambayo baada yake kuna kona nyingine. Pembeni kuna vibao vya mawe vya kila kilomita vinavyokuambia umebakiza ngapi. Ushauri wangu ni usivihesabu kuanzia juu. Hesabu tisa za msitu peke yake, kana kwamba mlima unaishia Chalet Reynard, maana ukiona imeandikwa 14 na miguu ndo hiyo, moyo unavunjika.

Kaa kwenye siti muda mwingi. Kila kilomita simama kwenye pedali mikanyago ishirini hivi kunyoosha mgongo, kabla ya kusimama ongeza gia moja nzito, ukikaa irudishe. Mikono ilegee, mabega yashuke, nguvu unayoitumia kuminya usukani haikupandishi popote. Kwenye kona pita upande wa nje palipo mwinuko mdogo, kama hamna gari tu, na usivuke mstari wa katikati. Ukizidiwa kabisa simama, ni sawa, chagua mahali palipo tambarare kidogo, kunywa, kula, dakika tatu, ondoka. Ukikaa zaidi ya hapo misuli inapoa na unaanza upya na mwili wa mzee.

Siku yangu ya mafanikio kuna baba mmoja wa kule, umri kama wa baba yangu mzazi, alinikuta kilomita ya 9 nikianza kuhangaika, akaendesha pembeni yangu bila kuniangalia, akasema neno moja, "doucement", maana yake taratibu, akakaa hapo kama dakika kumi mpaka mwendo wangu ukawa wake. Afu akaenda zake. Sikuwahi kumuona tena na nina deni naye mpaka leo.

Chalet Reynard ni mgahawa kwenye mita 1,400 na ushee. Msitu unaisha ghafla, anga inafunguka. Jaza maji, kula, na hapa ndipo unapofanya uamuzi wa upepo. Tazama watu wanaoshuka kutoka juu: wakiwa wamejikunja na baiskeli zinayumba, au wakiwa wanasukuma kwa miguu, sikiliza walichoona wenyewe.

Kilomita sita za mwisho ni mawe meupe tupu kushoto na kulia, mnara wa kileleni unaonekana juu na haukaribii. Mwinuko umepungua kidogo, kati ya 7 na 8, na mwanzoni utajisikia umepona. Usikurupuke. Barabara inajipinda kufuata mlima, kwa hiyo upepo ukikusukuma kona hii, kona ijayo unakuja usoni, na inayofuata unakupiga ubavuni. Ubavuni ndo mbaya, shika usukani kwa mikono yote, inama, acha nafasi upande ambao utasukumiwa. Kilomita moja na nusu hivi kabla ya juu, mkono wako wa kulia, kuna jiwe la kumbukumbu la Simpson na watu huacha chupa na kofia pale. Mimi huwa nasimama nikishuka, nikipanda napunguza tu mwendo. Halafu unapita Col des Tempêtes, jina lake maana yake ni kipito cha dhoruba, na hapo upepo wa kaskazini unakukuta kwa mara ya kwanza bila kizuizi. Kona ya mwisho kabisa inapanda zaidi ya asilimia 10, fupi, toa kilichobaki.

Kwa mtu wa kawaida aliyejipanga, jumla ni masaa mawili na robo, wengine mawili na nusu, wengine matatu. Mabingwa wanaenda chini ya saa moja na siwezi kueleza wanafanyaje.

8. Kushuka

Usikae juu zaidi ya dakika kumi, kumi na tano. Ukilinganisha na Bédoin kileleni kuna baridi zaidi kwa nyuzi kama 10, ongeza upepo, na jezi yako imelowa jasho. Kabla hata ya picha, vaa koti jepesi la kuzuia upepo, vaa glovu za vidole vyote. Ukikosa kila kitu weka gazeti kifuani ndani ya jezi, inafanya kazi kweli. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki, na hiyo ndo sababu nambebesha kila mtu glovu hata Julai.

Shika usukani kule chini palipopinda, unapata nguvu zaidi ya breki na uzito unashuka. Breki zote mbili pamoja, unabana kwa nguvu kabla ya kona barabara ikiwa imenyooka, unaachia, unaingia kwenye kona ukiwa ushapunguza. Usiburuze breki muda wote, hasa kama ni breki za rimu, joto linapanda na tyubu inaweza kupasuka. Kwenye kona mguu wa nje uwe chini na umekanyagia, macho yatazame unakotaka kutokea, ukitazama ukuta utaenda ukutani. Kipande cha msituni kinashuka kwa kasi kubwa na lami imenyooka, bila kujua uko 65, 70 kwa saa, na wakati huohuo kuna watu wanapanda wakiyumba kwa uchovu, kuna misururu mirefu ya pikipiki, kuna magari yanayotaka kuwapita wote. Nafasi yako ni upande wako tu.

Baridi ikizidi simama Chalet Reynard, kunywa kitu cha moto, endelea. Hamna anayekukimbiza.

9. Ukibakiwa na nguvu

Badala ya kurudi njia uliyopandia, pale Chalet Reynard shuka kushoto na D164 mpaka Sault, kula chakula cha mchana, halafu rudi kwa korongo la Nesque. Hiyo kwangu ndo barabara nzuri kuliko zote nilizoendesha Ulaya: inatambaa juu ya korongo, inapita kwenye vihandaki vilivyochongwa kwenye mwamba, na karibu yote inashuka kidogokidogo mpaka Villes-sur-Auzon. Ukipitia Flassan unarudi Bédoin, mzunguko wote ni kama kilomita 90. Mchana wa joto beba maji ya ziada Sault.

Na kama utaugua ugonjwa tulioupata wengine, kuna chama kinaitwa Cinglés du Ventoux, kipo tangu 1988, ukipanda pande zote tatu kwa siku moja wanakuingiza kwenye orodha yao. Ni mita 4,400 za kupanda na kilomita zaidi ya 130. Unajiandikisha mapema, unaletewa kadi, na siku hiyo unaigonga muhuri Bédoin, Malaucène, Sault na kileleni. Jiandikishe kabla ya kusafiri, na siku ya kwenda iweke kadi kwenye mfuko wa nailoni, jasho linafuta wino.